Nani Alimwita Mwalimu Ashuke Mlimani

Risala ya Umoja wa Wanafunzi wa Zamani kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, siku ya ufunguzi wa ukumbi mpya wa mitihani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi na kaka yetu katika shule hii;
Mkuu wa Shule na wajumbe wa bodi;
Walimu, wazazi na wanafunzi:

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu nyumbani. Ratiba imekuandika mgeni, nasi tunaiheshimu ratiba, lakini wengi wetu tuliosimama hapa tulipiga deki korido zilezile ulizopiga wewe, tukarudishwa na kiranja kwa sababu ya kona iliyobaki na vumbi. Tunakupongeza kwa ukumbi huu. Una mwanga, una hewa, na madirisha yake yanafunguka kwa mkono mmoja. Ukumbi wa zamani, kama unavyokumbuka, ulihitaji bisibisi na watu wawili.

Kabla hatujaendelea, uungwana unatutaka tuseme jambo moja. Mkuu wa Shule aliisoma risala hii mapema, akatuomba tuipunguze. Alisema, "Ndugu zangu, mgeni anakuja kufungua jengo, msimfungulie kesi." Tulicheka naye, tukamshukuru kwa chai, tukaiacha risala kama ilivyokuwa. Kwa hiyo Mkuu asilaumiwe kwa lolote litakalosomwa hapa.

Tunafahamu kwamba baada ya chakula cha mchana bodi itapiga kura juu ya mambo mawili: kufuta masomo ya nje, na kumwachisha kazi mwalimu anayeyasimamia. Ndiyo maana tunasema sasa, kabla ya chakula.

HISTORIA

Shule hii haikuanzishwa na serikali wala na tajiri. Ilianzishwa na walimu wachache walioacha kazi zao walikokuwa, kwa kuwa walichoka kuwaona watoto wanaojua kuchora mzizi ubaoni na hawajawahi kuung'oa ardhini. Waliamua kwamba asubuhi itakuwa ya darasa na alasiri itakuwa ya nje. Kulikuwa na bustani, riadha, mdahalo, kwaya na skauti. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa bure. Asiyejua kuimba alibeba viti vya kwaya, na asiyejua kubishana alishika kengele ya mdahalo akawanyamazisha wanaojua.

Juu ya hayo yote kulikuwa na mlima ulio nyuma ya mabweni, na Kikao cha Kimya. Kwa faida ya wageni ambao hawakusoma hapa, tunaeleza. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza hupandishwa mlimani pamoja na darasa lake, kisha mwalimu humketisha peke yake mahali asipomwona mwenzake. Hapewi kitabu wala kazi. Hukaa, hutazama, husikiliza. Jioni huulizwa, "Umeona nini?" na jibu la "sijaona kitu" halipokelewi.

Kanuni ya Kikao ni moja. Usijibu sauti ya mtu yeyote, hata ukiitwa kwa jina lako. Utaondoka mahali pako ukisikia filimbi ya pembe ya mwalimu ikipigwa mara tatu, na si vinginevyo.

Kanuni hiyo haikutungwa kwa ukali wa bure. Zamani wanafunzi wakubwa walijificha vichakani wakawaita wadogo kwa kuiga sauti ya mwalimu. Mdogo akitoka, anachekwa muhula mzima. Baadhi ya waliofanya mchezo huo wamo humu leo wamefunga tai. Waasisi waliona kwamba sauti ya mtu huigwa, bali pembe ile haina ya kufanana nayo. Wakaifanya filimbi kuwa ndiyo amri. Tangu hapo, anayeishika filimbi hashuki mlimani mpaka mtoto wa mwisho ameshuka.

Mgeni rasmi, wewe ulikaa pale. Wenzako wa darasa wametutuma tukukumbushe kwamba ulilala, ukakoroma, na Kikao chako kikawa na kimya kidogo kuliko vyote vilivyowahi kufanyika. Wanasema pia kwamba filimbi ilipopigwa ulikuwa wa kwanza kufika chini.

MAFANIKIO

Desturi ya risala ni kuhesabu vikombe. Vikombe vipo kabatini, vimefutwa vumbi kwa ajili yako. Sisi tungependa kukutajia mwenzetu mmoja anayeendesha kreni ya ujenzi. Huketi juu peke yake kutwa nzima, na chini yake kuna watu ambao maisha yao yako mkononi mwake. Tulipomuuliza ni somo gani la shule linalomsaidia kazini, hakutaja hisabati. Alisema, "Mimi nilifundishwa kukaa peke yangu nikiwa macho. Wenzangu wengi wakifika juu wanatafuta simu."

Tuna wauguzi, mafundi, mahakimu na walimu wanaosema maneno ya namna hiyo. Hatuyasemi ili kujisifu tu, ingawa kujisifu kumo.

CHANGAMOTO

Tunayo moja.

Muhula uliopita, darasa la kidato cha kwanza lilikuwa mlimani katika Kikao cha Kimya. Aliyelipandisha ni mwalimu wa masomo ya nje, ambaye vizazi vya wanafunzi vimemwita Mwalimu Pembe kwa sababu ya filimbi inayoning'inia shingoni mwake. Aliyemsaidia ni mwalimu wa mazoezi aliyekuwa shuleni kwa muhula huo tu. Watoto walikwisha kuketishwa, kila mmoja mahali pake, mlinzi wa geti alipopanda mlima akihema.

"Mwalimu, unaitwa chini. Mwenyekiti amekuja na wazazi wanaotafuta shule. Anataka picha na wewe."

"Mwambie nina watoto juu."

"Nimemwambia. Amesema sasa hivi."

Mwalimu alishuka. Hapa hatumtetei. Alivunja kanuni aliyotufundisha sisi wenyewe, na tungekuwa sisi ndio tumeivunja, angetusimamisha mbele ya gwaride. Alipaswa kukataa, hata kama kukataa kungemgharimu kazi. Tumemwambia hivyo usoni, naye alijibu, "Ni kweli." Alishuka akidhani ni picha moja, na filimbi ikashuka naye shingoni.

Picha ilipigwa. Kisha, mgeni rasmi, ulimwambia apande gari awaonyeshe wageni wako ng'ambo ya mto, mahali wanafunzi wanapojifunza kuogelea. Mlinzi alikuwa ameshika mlango wa gari. Alimsikia Mwalimu akisema kwa mara ya pili kwamba ana watoto juu, na alilisikia jibu lako: "Watoto wako hawana mabawa, Mwalimu. Dakika tano tu, panda."

Hatusemi ulijua kwamba mvua itanyesha. Wala hatusemi ulimtakia mtoto mabaya. Tunasema ulikuwa unaijua kanuni.

Mvua ilinyesha. Mwalimu wa mazoezi, ambaye hakuwa na pembe, aliwaita watoto kwa sauti. Walioona wenzao wanakimbia walikimbia nao. Walipohesabiwa chini, msichana mmoja hakuwepo.

Shule nzima ilipanda kumtafuta. Mama mlezi wa bweni alipaza sauti mpaka ikakauka: "Mwanangu, toka! Hujakosa, toka tu!" Mlinzi alipiga filimbi yake ya plastiki. Mpishi alipanda na sufuria akaigonga kwa mwiko, na mtu mmoja akamwambia, "Bwana wee, unamtafuta mtoto au unaita watu waje kula?" Hakuna aliyecheka. Wengine walikwisha kuanza kutazama kule kwenye korongo, na hawakutaka kusema wanatazama nini.

Gari lilirudi na Mwalimu akaambiwa. Alisimama pale getini, akapiga pembe mara tatu. Kabla watu hawajaamua waelekee wapi, msichana alitokea nyuma ya mwamba ambao mama mlezi alikuwa ameupita mara kadhaa, akashuka kwa miguu yake, amelowa na midomo inatetemeka.

"Ulikuwa wapi wewe?" mama mlezi alimuuliza.

"Pale mliponiweka."

"Hukusikia unaitwa?"

"Nilisikia. Nilimsikia hata mpishi na sufuria yake."

"Sasa mbona hukuitika, mtoto wewe?"

"Haikuwa pembe."

Aliugua homa ya mapafu. Alilazwa, akapona, na tunamshukuru Mungu kwa hilo kuliko kwa jengo lolote.

Baada ya hapo bodi iliwaita wazazi na kuwasomea taarifa. Taarifa ilisema kwamba mwalimu wa masomo ya nje aliondoka kituoni kwake bila ruhusa. Mama wa msichana alisimama. Ni fundi cherehani, si mtu wa mikutano, na maneno yake yalikuwa mafupi: "Sikuja kuombwa radhi na watu wote. Nataka mmoja. Nani alimtoa mwalimu kwa watoto wetu?"

Mgeni rasmi, ulikuwa umekaa meza kuu. Hukusema kitu. Kimya cha namna hiyo hatukufundishwa hapa.

Mwalimu Pembe naye hakukutaja, na hadi leo hajakutaja. Tulimfuata nyumbani tukamsihi. Alisema, "Aliyeniita anajijua. Nikimtaja mimi, nitakuwa natafuta nafuu. Akijitaja yeye, watoto watakuwa wamejifunza kitu." Yote tunayoyasema tumeyapata kwa mlinzi na kwa mwalimu wa mazoezi, ambao wamekubali kusema mbele ya bodi wakiitwa. Na picha yenyewe imetundikwa kwenye korido ya jengo hili. Umeipita ukija kuketi. Mwalimu amesimama ubavuni mwako, pembe shingoni, na nyuma yenu wingu limeushika mlima.

Tangu siku ile geti la mlimani limefungwa kwa mnyororo. Alasiri wanafunzi hukaa madarasani wakirudia maswali ya mitihani. Bustani imeota magugu. Kwaya imeambiwa isubiri. Mwalimu anaripoti ofisini kila asubuhi na kuketishwa kwenye benchi la wageni, hapangiwi kazi.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba kwamba leo, kabla ya kura, uwaambie wajumbe wenzako maneno haya: "Mimi ndiye niliyemwita." Hatukuombi ujiuzulu. Hatukuombi umsafishe Mwalimu kosa lake. Kosa lake apewe, kwa kipimo chake. Tunaomba lisiongezewe la mtu mwingine.

Pili, tunaomba masomo ya nje yaendelee na geti lifunguliwe.

Tatu, tunaomba kanuni ibadilishwe. Hili limetuuma kulikubali. Tumebishana juu yake katika vikao vya umoja mpaka watu wazima wakanuniana. Wapo miongoni mwetu waliosema, "Msichana alifanya sawasawa, kanuni isiguswe." Lakini mama mlezi alituambia, "Nyinyi mnajivunia mtoto aliyenyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa nachungulia korongoni." Kwa hiyo tunapendekeza filimbi ya pili ichongwe na kukabidhiwa mwalimu msaidizi. Mtoto afundishwe kwamba mvua ikinyesha Kikao kimekwisha. Na mwenye filimbi asiitwe na mtu yeyote akiwa mlimani, awe mkuu wa shule, awe mzazi, awe mwenyekiti.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, kuna jambo ambalo hatukuliweka katika maombi kwa kuwa si letu. Tulipokwenda kumjulia hali msichana yule, tulimkuta na vitabu vyake, anajitayarisha kurudi shuleni. Wenzake wamempa jina la Jiwe, na hajui bado kama ni sifa au ni tusi. Alituhudumia maji, akatuamkia mmoja mmoja, kisha akatuuliza, "Shikamooni tena, samahani. Nilikosea kutii?"

Tulikuwa watu wazima wa kutosha kujaza sebule, na hakuna aliyemjibu. Tukimwambia hakukosea, atauliza mbona mwalimu wake anafukuzwa. Tukimwambia alikosea, tutakuwa tumemdanganya. Mama yake alitutazama tukiangalia chini, akasema, "Basi kunyweni maji." Tukanywa.

Msichana huyo yumo ukumbini. Ameketi mstari wa tatu upande wa madirisha, na mama yake yuko nyuma pamoja na wazazi wengine. Ratiba inasema kwamba baada ya risala mgeni rasmi atasimama kutoa hotuba. Tunakuomba, kaka yetu, uiweke hotuba uliyoiandaa mezani kwa muda mfupi, umgeukie yeye, na umjibu.

Mungu akupe afya, akupe siku nyingi za kuitumikia shule hii, na akufanyie wepesi katika maneno unayokwenda kuyasema. Ailinde shule, awalinde walioketi madarasani na wanaosubiri kutoka nje.

Hatutakaa vitini. Tutakusikiliza tukiwa tumesimama.

Ni sisi,
Umoja wa Wanafunzi wa Zamani,
Mabweni yote manne.