Nguzo ya Sebuleni

"Mume anayeshika nyundo ni baraka, mwanangu," mama mmoja mtu mzima alimwambia mshonaji aliyeketi naye kwenye basi.

Mshonaji alishusha pumzi. "Kuishika anajua, mama. Kuiachia ndiko kunakomshinda. Tumehamia nyumba kuukuu, na jana kaing'oa nguzo ya sebuleni, eti inamziba asione televisheni. Dari ikashuka kidogo, milango ikagoma. Leo asubuhi kaingia chooni, mlango ukakwama."

"Masikini! Sasa yuko wapi?"

"Humo humo, ananielekeza namna ya kuubomoa. Nimetoka kutafuta seremala."

Basi likasimama. "Si mtaa wa maseremala huu, mwanangu?"

"Ndio huu," mshonaji akajibu, akaegemeza kichwa dirishani na kufumba macho. "Nitashuka mwisho wa safari, nirudi kwa miguu."