Pindo la Vidole Vinne

Kwenye basi, mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa akishona pindo la suruali ya shule. Mzee wa pembeni yake, fundi cherehani wa siku nyingi, akashindwa kujizuia. "Binti yangu, pindo la vidole vinne lote hilo la nini?"

"La kushushia, baba. Mwanangu anafanyiwa upasuaji wa moyo leo. Mungu atamlinda, atarefuka, na mimi kitambaa kingine sinunui."

Mzee akavaa miwani. "Mbona limepinda?"

"Mimi nimemwamini Mungu, baba. Ni mikono tu haijapata habari."

"Mungu hajakataza mshono ulionyooka. Lete hapa."

Basi liliposimama hospitali, mzee alikuwa bado anashona. Kituo alichomtajia kondakta tulikipita zamani.