Fundi wa Baruti wa Mwembesongo

Kijiwe cha Kibwana kilikuwa Mwembesongo, kwenye kona ya duka la ushirika, benchi moja la mninga ambalo mguu wake wa nne ni matofali mawili. Mwenyewe Kibwana alikaa pembeni na buli lake la kahawa juu ya makaa, mtu wa maneno machache kama mtu aliyeambiwa maneno ni ya kugawiwa na serikali. Mwaka ule vita vya Mreno ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa havijaisha, na raia tulihimizwa kila siku tuwe macho. Basi watu wa kijiwe walikuwa macho hata usiku hawasinzii. Na siku ile walijaliwa neema kubwa. Wiki tatu nyuma masanduku mawili ya baruti yalikuwa yameibwa kwenye machimbo ya mawe. Baada ya hapo wanaume wawili wa milimani wakafa, wakazikwa harakaharaka, na kila aliyeulizwa wamekufa kwa nini alijibu ni kazi ya Mungu. Juu ya hayo, asubuhi hiyohiyo Landrover ya kijivu ilimchukua Yohana, fundi wa baruti wa machimbo.

Yunusi alifika watu wakitoka msikitini alasiri, akasogezewa nafasi ya katikati. Alistahili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu tu, na kwa vile viwili visivyokuwepo alijipatia jina la Fataki na heshima ya mji mzima. Mwanzo alisema viliondoka na baruti. Mwaka wa pili akasema viliondoka na baruti kambini, mahali asipoweza kupataja. Siku hizi alikuwa anatikisa kichwa tu, watu wakajimalizia wenyewe.

— Karibu Fataki, karibu bwana! Mtu wako kabebwa! alisema Dadi, fundi cherehani, ambaye kwa kupenda kutangaza yasiyotangazwa aliitwa Redio Mbao.

— Nimesikia.

— Umesikia? Wewe ndiye uliyemnusa! Kibwana, mmiminie huyu, ya moto.

Yunusi alipokea kikombe. Kweli alikuwa amemnusa, au tuseme alikuwa amemtaja. Alhamisi iliyopita balozi wa nyumba kumi alipopita kuuliza kama kuna mtu wa mashaka, Yunusi alisema, "Mwangalieni yule Yohana." Kwa nini alisema hivyo, hakupenda kukumbuka. Mwezi mmoja kabla, Yohana alipita kijiweni akanywa kahawa yake kwa utaratibu, akautazama ule mkono, akauliza kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hii ilikuwa baruti ya aina gani?" Yunusi alijibu anavyojua. Yohana akatabasamu, akarudisha kikombe, akaaga vizuri. Tabasamu lile lilimkaa Yunusi kooni kama mwiba wa perege.

— Mimi nilimtilia shaka zamani, aliendelea Dadi. Katokea Songea. Songea na Mreno ni pua na mdomo. Mtu atoke Songea aje Morogoro kupasua mawe, kwao mawe yameisha?

Richard, karani wa ofisi ya mkoa, alikohoa. Huyu aliitwa Siri Kali, maana kila habari yake ilianza hivyo, kwa mnong'ono uliowafanya hata wauza nyanya wa upande wa pili waache kupanga nyanya.

— Hii siri kali, msinitaje. Yale masanduku si ya mawe. Ni ya daraja la reli.

— Daraja! alisema Dadi. Wewe bado umelala na shuka. Ni mlima! Wanaupasua Uluguru, mito yote inageukia upande mwingine, Ruvu inakauka, Dar es Salaam wanakaa siku tatu hawana maji, Mreno anaingia bandarini anapiga mluzi. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hiyo methali inaingia wapi hapo?

— Inaingia kwenye maji.

Richard alifikiri, akaona kweli inaingia.

— Na wale marehemu wawili? aliuliza.

— Mashahidi hao. Walimwona Yohana akificha mzigo, wakanyamazishwa. Sindano.

— Sindano gani?

— Ya Kireno. Haiachi alama.

Kibwana alikuwa anasuuza vikombe. Bila kuinua kichwa akasema:

— Nasikia mmoja alizikwa hana mkono.

Dadi alinyoosha kikombe aongezewe.

— Ndiyo hiyohiyo sindano, alisema Dadi.

— Sindano ikate mkono?

— Nimekwambia ya Kireno! Unadhani wanatumia za zahanati?

— Halafu msisahau mbuzi wa balozi, alisema Richard, macho yamemtoka. Kafa Ijumaa.

— Yule alikula khanga, alisema Kibwana.

— Sawa. Khanga alilishwa na nani?

Hapo Dadi na Richard walisimama kwa furaha, kisha wakakaa tena. Mambo yalikuwa yameungana! Baruti, mlima, sindano, mbuzi. Dadi alisema haba na haba hujaza kibaba, na safari hii methali ilikaa vizuri mno hata akaogopa. Wakamgeukia Yunusi, kwa sababu neno la mwisho juu ya baruti lilikuwa lake.

Yunusi aliuweka mkono wa vidole vitatu juu ya goti, mahali pa kuonekana.

— Baruti, alianza polepole, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nikimwona mtu anavyotembea tu, najua huyu kashika baruti ya kazi na huyu kashika ya shari. Yule hatua zake zilikuwa za shari.

— Mnasikia? Hatua! Kanusa hatua!

Yunusi alisikia raha mpaka visiginoni. Ilikuwa raha hiyohiyo ya miaka yote, na angekaa nayo mpaka magharibi, kama mama mmoja asingesimama mbele ya benchi. Alikuwa na vumbi jekundu la milimani mpaka magotini, khanga mbili, na uso wa mtu aliyeanza kutembea kabla ya jua.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba mama. Karibu.

— Naitwa Asia, natoka Lugoloni, huko juu. Namtafuta mzee anaitwa Fataki. Kwetu wanasema anaijua baruti kuliko Wazungu.

Dadi aliruka. Jina lilikuwa limepanda mlima!

— Umefika, mama! Ndiye huyu. Chanda chema huvikwa pete, alisema, akiuonyesha mkono usiokuwa na hivyo vyanda.

Asia aliutazama ule mkono kwa adabu kubwa, akachuchumaa mbele ya Yunusi. Akafungua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na kipande cha kamba nyeusi, kirefu kama kidole.

— Hii ni tambi ya kuwashia baruti, alisema Richard, na benchi zima likarudi nyuma, mguu wa matofali ukayumba.

— Ndiyo, tambi, alisema Asia. Mjomba, nakueleza ukweli wote, kwa sababu sina mahali pengine pa kwenda. Baruti walichukua watu wetu. Kijiji kipya mmetuweka mahali pazuri, shule ipo, maji hakuna. Maji yako nyuma ya jiwe moja tu, likipasuka mfereji unashuka wenyewe. Tuliandika barua mkoani tuletewe fundi. Tuliandika mara tatu.

Richard aliinama akakitazama kikombe chake. Kilikuwa kitupu, lakini alikitazama.

— Wakasema basi, tutapasua wenyewe. Kaka yangu Rehani akawasha, na mwenzake Pazi amesimama naye. Hawakuwahi kukimbia hata hatua kumi. Tuliwazika siku ileile. Tukasema ni kazi ya Mungu, tuseme nini?

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

— Sasa kwetu mpwa ndiye anayeshika jina la mjomba wake, na kazi aliyoiacha. Juzi wamemkalisha mwanangu Abdallah, wamempa jina la Rehani. Ana mke, ana mtoto wa miezi minne. Kesho baada ya sala ya alfajiri anakwenda kwenye jiwe, maana sanduku la pili lipo. Nimelia, nimewaomba, wanasema jina likipokewa halirudishwi. Basi nikasema, kama lazima awashe, nikamuulizie.

Alimnyooshea Yunusi kile kipande kwa mikono miwili.

— Mjomba, aikate ndefu kiasi gani, ili awahi kukimbia?

Swali lenyewe lilikuwa hilo tu. Watu waliojua mpango wa Mreno mpaka siku ya kuingia bandarini walimgeukia mtu wao.

— Mwambie bwana, alinong'ona Dadi.

Ulimi wa Yunusi ulikuwa tayari. Ulikuwa umezoea. Ulitaka kusema mikono miwili, au mitatu, kwa sauti ile nzito, na mama huyu angeshukuru, angepanda mlima na kipimo chake. Yunusi aliliona jiwe, akamwona kijana ameinama. Aliona haya ambayo hajapata kuiona maishani. Akakichukua kile kipande, akakirudisha taratibu kwenye pindo la khanga, akalifunga mwenyewe kwa vidole vyake vitatu.

— Mwanangu, sijui.

— Hujui?

— Sijapata kushika baruti hata siku moja. Hivi vidole vililiwa na mashine ya kusaga mkonge, shambani, nikiwa kijana. Nilisinzia.

Dadi alicheka kidogo, akidhani ni siri ya serikali inalindwa. Alipouona uso wa Yunusi akaacha.

— Miaka yote hii, Fataki? alisema Richard.

— Miaka yote hii.

Asia hakukasirika. Hakuwa na nafasi ya kukasirika. Aliuliza tu:

— Hivi hapa mjini hakuna anayejua?

— Yupo mmoja, alisema Yunusi. Anaitwa Yohana. Fundi hasa, ana cheti, na ni mtu mpole.

Uso wa yule mama ulichangamka kama amepewa maji. Akainuka, akajifunga khanga vizuri, tayari kwa safari nyingine.

— Nitampata wapi?

Dadi alianza kuhesabu vifungo vya shati lake. Richard, aliyejua siri zote za mkoa, hakuwa na hii. Kibwana aliinamisha buli juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili ya machicha, basi.

Yunusi alisimama.

— Yuko ndani, mwanangu. Nilimweka mimi, kwa mdomo huu. Nakwenda kwa balozi, kisha nakwenda kituoni, niseme nilisema uongo. Sijui kama watanisikiliza, na wakinisikiliza sijui kama watamtoa leo. Wewe usinisubiri, jua limeshuka na njia ni ndefu. Panda sasa hivi.

— Niwaambie nini huko?

— Waambie umemwona yule Fataki wa Mwembesongo, umemuuliza, naye hajui kitu. Litangaze jina langu kijiji kizima, wanicheke mpaka wachoke. Abdallah asiwashe.

Asia akashika njia ya mlima, karibu anakimbia. Yunusi akashika ya mjini. Kibwana alimwaga makaa, akaufunika moto kwa mchanga, akamfuata nyuma, na benchini wakabaki wawili na vikombe vitupu.