Boti Nnampa Khole

Nisogezeeni mto, wanangu, mnikalie karibu, maana leo sauti yangu haifiki mlangoni. Kwa jina la Mola, nnayasema haya na akili zangu timamu. Nyumba hii ya hapa Khuwair mtagawana kwa sheria. Boti haimo. Boti nnampa Khole leo, ningali hai, na wewe Thani nnakutaka uridhie.

Nnajua umekasirika, kwani usukani umeushika wewe. Lakini umerithi ugonjwa wangu, kumwonea haya mgeni. Miaka kumi na mbili nimewapeleka watalii kwenye ghuba yetu, nikiwamiminia kahawa na kuwapa tende, huku nikiwaona wanasimama juu ya matumbawe wapigwe picha, wanavunja matawi yake watie mikobani, wanaacha chupa zao majini. Nami nacheka nao, kwa kuwa kwetu mgeni hakemewi. Watu wazima wale. Kwao hawachumi hata ua la bustani ya serikali. Mwaka jana yule bwana wa ndevu nyekundu karudi, kachungulia chini, akanambia pamekufa hapa, hapana samaki, mwakani atakwenda kwengine. Pamekufa, anasema, na mkono ulioua hapa ni wake! Na huko kwengine nani atamzuia? Hasira zile hazijanitoka. Wala mimi sijitoi lawamani, nanga nliitupa mimi, juu ya matumbawe hayohayo, ili wao wasiogelee mbali.

Khole, ulikuwa na miaka kumi na tatu ulipompokonya bwana yuyo huyo tumbawe mkononi, ukalirudisha majini. Nlikushika mkono mbele ya watu, nikakulazimisha umtake radhi. Ukamtaka, huku unalia. Tangu siku ile hukupanda boti, na mimi sikukuuliza.

Sasa ichukue. Mgeni asipande mpaka umwambie kuwa pale hapakanyagwi wala hapachukuliwi kitu. Akikataa, abaki pwani. Akivunja, geuza boti, wenzake wanune watakavyo. Na wewe Thani, mtilie dada yako boya la kuifungia boti, nanga isiguse tena chini.

Nipeni maji kidogo... Mola akupeni riziki ya halali, akuwekeeni bahari yenu... akupeni mapenzi... Khole, inama, siwezi kunyanyuka. Radhi zangu unazo, mwanangu. Yule bwana ulimtaka radhi kwa nguvu zangu. Miye nnakuomba zako.