Pua ya Artemi kwenye Sarafu za Gerasa

Waombolezaji, kwanza apeni kwa Artemi, mungu wetu, kwamba haya hayatavuka ukuta wa Gerasa; mimi dada wa marehemu niliapa vivyo hivyo, na leo navunja, maana aliyeniapisha amelala hapa na hawezi kunifinya.

Amero bin Zabdioni alizaliwa siku ya nne ya mwezi wa Panemo, mwaka wa 200 wa mji wetu, karibu na lango la kusini, akafundishwa herufi kwenye baraza la hekalu, ambako alichora zaidi pua za walimu, na mwaka wa 219 akaajiriwa kuchonga mihuri ya kupigia sarafu za shaba, hizi hizi mnazonunulia mkate.

Mwezi wa Dio, mwaka wa 225, alimwoa wifi yangu Shakilathi, wakajaliwa binti mmoja, Thea. Mwaka huohuo alichonga sarafu mpya yenye uso wa Artemi, mji mzima ukasifu, isipokuwa wifi, aliyeuliza, "Mwanamke gani huyu mwenye pua ya mwewe? Mmejuana wapi?" naye akajibu, "Mungu wa mji, mke wangu. Kula, chakula kinapoa."

Baadaye sarafu zikaonekana sokoni zimekwaruzwa pua, madiwani wakasema Artemi amemkataa mchongaji, na mwaka wa 240 wakampokonya patasi, akawa wa kukaa mlangoni, mikono mapajani, akiamini ni kweli, hadi homa ilipomchukua juzi, siku ya kumi ya mwezi wa Gorpiaio, mwaka wa 254.

Tunawashukuru tabibu Nikoni, majirani mlioleta dengu na divai, na waliofanya kazi na marehemu kiwandani. Lala, mdogo wangu, umechoka.

Nanyi msinitazame mimi, geukeni sasa hivi mmwone mjane, aliyeinama kumtia marehemu kinywani sarafu ya nauli ya kuzimu. Jana niliweka sarafu nzima mbele ya mjane huyu, jioni nikaikuta haina pua, nikaweka nyingine, hiyo anayoishika. Funua shela, wifi. Pini ya nywele hiyo, na vumbi la shaba vidoleni.

Ungeniuliza huyo mwanamke ni nani! Alikuchora siku ya posa, ulipogeuza uso kwa haya, akaogopa kukwambia, akaniapisha na mimi, maana ungeringa kisimani mpaka makuhani wasikie kampa mungu uso wa mkewe, wamkate mkono. Kioo hakimwonyeshi mtu uso wake wa upande, ndiyo maana hukujijua.

Sasa simama hivyohivyo, upande, Shakilathi, na kila mtu atoe sarafu yake mfukoni alinganishe.