Nerio Kibiriti na Mwenge wa Lagunillas

Ndugu yetu Nerio Antonio Fuenmayor alizaliwa Lagunillas tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa marehemu Ángel Ciro Fuenmayor na marehemu Bi Egleé Chirinos. Alikulia chini ya mwenge wa gesi ya kisima cha mafuta, uliowaka usiku na mchana. Kuku wetu hawakujua kulala.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, kisha ufundi huko Cabimas.

Mwaka 1977 aliajiriwa kisimani kuulinda mwenge ule. Ukizimika, gesi hutambaa hadi majumbani, basi alikuwa akitoka mbio huku akipiga kelele, "Umezimika!", akauwasha tena. Mtaa ukamwita Kibiriti.

Mwaka 1982 alimwoa Yoleida Rincón. Walijaliwa binti mmoja, Yusmary, aliyesumbuliwa na pumu tangu utotoni. Uchungu wa mwana ulimbadilisha Kibiriti. Alipostaafu alianza kugonga milango: gesi isichomwe, visima vifungwe polepole, zahanati ipate umeme wa jua, vijana wafundishwe kazi nyingine kabla mafuta hayajawatupa mkono. Lo, alivyosimangwa! "Kibiriti kimelowa!" walimcheka. Mdogo wetu Eudo, aliyekuwa bado kisimani, alimwambia mbele za watu, "Wewe umeshakula kiinua mgongo, sisi tule jua?" Wakanuniana miaka minane. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwaka juzi zahanati ilifungiwa sola. Umeme wa mji ulipokatika, mashine ya kupumulia haikuzimika, na aliyekuwa akiitumia ni mjukuu wa Eudo.

Nerio aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu Agosti iliyopita. Tarehe 14 Machi, jua likizama, mwenge ulifungwa. Alipoona dirisha jeusi, alijikokota kutoka kitandani.

"Umezimika! Viatu vyangu viko wapi?"

"Lala, baba Yusmary," mkewe alimwambia. "Haujazimika. Umezimwa."

"Nani kauzima?"

"Eudo. Kafunga koki kwa mkono wake."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akalia. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 17, Eudo akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti, wajukuu wawili, Eudo, na mimi Nelva, dada yake ninayewasomea haya.

Pumzika kwa amani, Kibiriti wetu. Usiamke kutafuta viatu.