Kamba Katika Mfuko wa Kulia

Sogeeni, wanangu, mkae mahali ninapowaona bila kugeuza shingo, maana shingo yenyewe leo imegoma. Wewe Meneja, weka simu chini. Juzi nilikutuma dawa ya kikohozi ukarudi na betri za redio, kwa kuwa njia nzima ulikuwa unaongea. Kitindamimba, usilie mapema, utaishiwa machozi siku ya kazi. Na wewe binti yangu, ambaye mtaa mzima unakuita Pakacha kwa sababu mimi nilianza, shika kalamu. Nina mambo matatu. Yaandike kabla sijafungua mdomo sawasawa: cherehani, kamba, kiganja. Umeandika? Haya.

Cherehani kubwa ya miguu, meza ya kukatia na ufunguo wa chumba cha kazi. Meneja, najua moyoni umeshavichukua, wewe ndiye mkubwa. Subiri kwanza, usinikate. Ukinikata naanza upya, na pumzi sina.

Sifa zangu mnazijua, nilizitangaza mwenyewe. Fundi anayepima watu kumi asubuhi bila kuandika hata tarakimu moja, huku anawasimulia alivyomshonea suti mtu mrefu mpaka akapanda ngazi kumpima bega, na jioni anakata vitambaa vyote wala hakosei! Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kunitazama kama sinema. Mafundi wenzangu wenye madaftari niliwaita makarani. Sasa msikieni baba yenu anavyojivua nguo: ulikuwa uongo. Kichwa hiki kilibeba vipimo vinne, vitano nikiwa nimelala vizuri, na mtu akinisalimu tu vinamwagika kama vifungo kutoka koponi. Mnakumbuka nilivyokuwa nazunguka mgongoni kwa mteja nikikohoa? Kifua changu kilikuwa kizima siku zile. Nilikuwa nalaza kamba nyembamba mwilini mwake, nafunga fundo la bega, fundo la mkono, fundo la kiuno, kisha naitia mfuko wa kulia. Kila mteja na kamba yake. Mama yenu, Mungu amrehemu, alizikuta akifua, nikamwambia ni dawa ya mgongo, na tangu siku hiyo akawa anazianika.

Na mtu huyo mwenye kamba mfukoni ndiye aliyekucheka wewe, binti yangu. Nilikuwa nakwambia, lete mkasi, uzi mweusi na chaki, funga dirisha, mwambie mama yako mgeni anataka maji, halafu papo hapo namalizia kwa kisa kirefu cha fisi. Unarudi na mkasi peke yake, macho yamekutoka. Wateja wanacheka, nami nawaambia, huyu pakacha, mtilie maji uone kama yatafika. Mshika mbili moja humponyoka, nami nilikushikisha tano! Ukaanza kuandika kiganjani kwa kalamu ya wino, na vitu vikaanza kufika vyote. Hilo likaniuma kuliko makosa yako. Wanasema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Mimi sikupata nafuu, nilipoteza mzigo wenyewe.

Kwa hiyo andika: cherehani, meza na ufunguo ni vyako. Meneja, usinune. Nyumba ni yenu wote watatu, lakini wewe hata kutunga uzi kwenye sindano hujui, na dada yako ameshona sare za shule nzima bila mzazi mmoja kurudi kulalamika, kwa sababu anaandika. Kamba zimo kwenye mkebe chini ya kitanda hiki. Zitundikeni mlangoni pa chumba cha kazi, kila mteja azione, na akiuliza, mwambieni kweli.

Niinueni mto kidogo. Ahsante.

La tatu... nilikuwa nalo hapa sasa hivi. Kitindamimba amepiga chafya, limeniponyoka. Mwanangu, nisomee. Nini? Sema kwa sauti.

Kiganja.

Ungeliruka, nisingejua. Nusu yangu ilitaka lipotee.

Mnaikumbuka suti ya yule dereva wa lori, bwana harusi. Asubuhi ile nilibadilisha suruali, kamba yake ikabaki katika ile nyingine. Badala ya kumwita apimwe tena, nilikata kwa kiburi. Alipoivaa, mikono ikamwishia juu ya kifundo, na harusi ni kesho. Nikasema mbele yake, huyu msichana ndiye aliyenitajia kipimo vibaya. Ukainua kiganja. Mkono, inchi ishirini na nne. Uliandika nilipokuwa nampima nikitaja kwa sauti. Ilikuwa sahihi. Nikakwambia, kaoshe mikono, unachafua kitambaa cha watu. Nikakusimamia kwenye ndoo mpaka wino ukatoka wote. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Wiki ile uliondoka nyumbani, nami nikajisifu kwamba nimekufukuza.

Hukukosea, mama. Nilikuosha ushahidi.

Nyinyi wawili, lile jina life nami. Mwiteni dada. Mshike ufunguo pamoja... hapana. Ufunguo ni wake. Nimesema hivyo? Angalieni alivyoandika, ndivyo.

Mungu awape mikono isiyotetemeka... na masikio... na...

Nipe kiganja, binti yangu. Hicho chenye kalamu. Andika humo nilichosema. Leo sina ndoo.